Wijeti Ndogo Mno, Kubwa Mno au Zenye Ukungu: Jinsi ya Kupata Chanzo

Mtu anapohamia kwenye skrini mpya yenye pikseli (nukta ndogo zinazounda picha) nyingi, madirisha ya kawaida hujirekebisha yenyewe, lakini wijeti alizopambia eneokazi lake kwa miezi kadhaa, yaani saa, kalenda, kionyesha-kumbukumbu na kipimo cha joto la prosesa, hugeuka madoa madogo pembeni mwa skrini. Mwingine hupatwa na kinyume chake: wijeti zake zina ukubwa unaofaa, ila maandishi yamefifia ukingoni kana kwamba yameandikwa kwenye karatasi iliyolowa. Wa tatu huona maandishi yamekua huku visanduku vyake vikibaki vilevile, hata tarakimu ya mwisho ya saa ikakatwa. Wote watatu hukimbilia mahali pamoja, kwenye mpangilio wa ukuzaji wa skrini, wakaupandisha na kuushusha hadi wachoke, ilhali matatizo yao hayana chanzo kimoja.

Ukubwa wa wijeti unaouona ni matokeo ya uamuzi wa matabaka matatu. Mfumo endeshi hushika kiwango cha ukuzaji, kwa mfano asilimia 150. Programu inayobeba wijeti, iwe Rainmeter kwenye Windows, Conky kwenye Linux au Übersicht kwenye macOS, huueleza mfumo kama inajua kujikuza yenyewe au haijui. Faili ya wijeti, nayo, ina tarakimu alizoandika mtengenezaji wake: upana wa 200, fonti ya 12, nafasi ya 14 baina ya duara na maandishi. Karibu kila kasoro ya ukubwa hutokana na tabaka moja lililonyamaza pale lilipotakiwa kufanya kazi, au matabaka mawili yaliyofanya kazi ileile moja juu ya nyingine.

Kanuni ninayoanza nayo ni fupi. Wijeti iliyo ndogo lakini yenye kingo safi haijakuzwa na yeyote; wijeti yenye ukungu imenyooshwa na tabaka jingine baada ya kuchorwa. Udogo na ukungu ni habari mbili tofauti, na dawa ya moja mara nyingi huleta nyingine.

Kupima kabla ya kugusa

Piga picha ya skrini, ifungue katika programu ya kuhariri picha kwa ukubwa wake halisi, kisha upime upana wa wijeti kwa pikseli. Baadaye fungua faili ya wijeti uangalie upana ulioandikwa humo. Ikiwa faili inasema 200 na picha inaonyesha 200, hakuna tabaka lililoikuza. Ikiwa picha inaonyesha 300 na skrini yako imewekwa asilimia 150, kuna aliyezidisha kwa 1.5, na sasa ni suala la kumjua: kuza picha hadi asilimia 400 utazame ukingo wa herufi moja yenye mstari wa wima, kama vile l au 1. Mstari uliochorwa upya kwa ukubwa mpya huwa na kiini chenye rangi kamili na kivuli chembamba pembeni. Mstari ulionyooshwa huonekana kama ngazi ya rangi ya kijivu, pikseli mbili au tatu kila upande, bila kiini cha rangi kamili. Tofauti hiyo ikishaonekana mara moja, haisahauliki. Ukipata 450, yaani 200 iliyozidishwa kwa 1.5 mara mbili, umekwisha kupata jibu: matabaka mawili yamekuza, na mojawapo lizimwe.

Picha ya skrini ina faida nyingine ambayo wengi huisahau. Hunasa kile kompyuta ilichokiandaa, si kile monita inachokionyesha. Kwa hiyo ikiwa eneokazi linaonekana na ukungu kwa macho, lakini picha yake ikifunguliwa kwenye kifaa kingine ni safi, tatizo halimo katika ukuzaji hata kidogo. Ama monita inapokea resolusheni (idadi ya pikseli za mlalo na wima) ambayo si ya asili yake na inainyoosha yenyewe, ama ni televisheni inayokata kingo za picha na kukuza kilichobaki, jambo ambalo pia hueleza kwa nini wijeti zilizo pembeni kabisa mwa skrini hukatika nusu. Nimewahi kupoteza jioni nzima nikirekebisha tarakimu moja moja katika faili ya saa, kumbe monita yenye pikseli 3840 kwa 2160 ilikuwa ikipelekewa 2560 kwa 1440. Tangu siku hiyo naangalia resolusheni ya asili kabla ya kitu kingine chochote, na kwenye televisheni natafuta katika menyu ya picha mpangilio unaoonyesha kila pikseli mahali pake bila kunyoosha.

Wijeti ni ndogo, lakini ni safi

Hii ndiyo hali ya kawaida zaidi, na chanzo chake ni hesabu tu. Skrini ya inchi 24 yenye pikseli 1920 kwa 1080 ina takriban pikseli 92 kwa kila inchi. Skrini ya inchi 27 yenye 3840 kwa 2160 ina takriban 163, na kompyuta mpakato ya inchi 15.6 yenye idadi hiyohiyo ya pikseli ina takriban 282. Saa yenye upana wa pikseli 200 itakuwa na sentimita 5.5 kwenye skrini ya kwanza, sentimita 3 na kidogo kwenye ya pili, na chini ya sentimita 2 kwenye ya tatu. Hakuna kilichoharibika, wijeti imebaki na pikseli zake, ila pikseli zenyewe zimesinyaa.

Kwenye Windows, asilimia 100 huhesabiwa kuwa nukta 96 kwa inchi (DPI), asilimia 125 kuwa 120, asilimia 150 kuwa 144, na asilimia 200 kuwa 192. Programu inayojitambulisha kuwa inajua ukuzaji huachwa ijichore yenyewe, na ikiwa inabeba wijeti zilizoandikwa kwa pikseli, haiguswi. Hapo ndipo wijeti za Rainmeter hujikuta: vipimo vya W, H, X na Y katika faili zake ni pikseli, na hakuna swichi moja ya mfumo inayovifanya vikue vyote kwa uzuri. Ili kujua programu yako imejitambulishaje, fungua Task Manager, nenda kwenye kichupo cha Details, bofya kulia kichwa cha safu, kisha uongeze safu ya DPI Awareness. Utaona kama programu haijui ukuzaji, inajua kiwango kimoja tu cha mfumo, au inafuata kila monita kivyake. Safu hiyo moja hukuepusha na ubishi mwingi.

Kuna njia mbili za kuikuza. Ya kwanza ni ya haraka na ina gharama: bofya kulia faili ya programu inayobeba wijeti, fungua sifa zake, nenda kwenye kichupo cha Compatibility, bonyeza Change high DPI settings, weka alama ya kubatilisha tabia ya programu, kisha uchague System. Kuanzia hapo Windows huidanganya programu kwamba skrini ina nukta 96 kwa inchi, huiacha ichore wijeti ndogo, kisha huinyoosha picha yake. Ukubwa utapatikana, na ukungu utakuja nao. Kwa asilimia 200 ukungu huo huvumilika, kwa kuwa kila pikseli hugeuka pikseli nne kamili au karibu na hapo. Kwa asilimia 125 na 150 maandishi madogo huchosha macho. Mimi huitumia njia hii kwa wijeti ambayo mtengenezaji wake ameiandika vibaya kiasi kwamba kuirekebisha ni kuiandika upya.

Njia ya pili ni kuingia ndani ya faili na kuifanya ijue kukua. Katika Rainmeter, bofya kulia wijeti, chagua kuihariri, kisha weka kigeu kimoja, yaani thamani yenye jina, juu ya faili na ukizidishe kwa kila kipimo:

[Variables]
Ukubwa=1.5

[DuaraLaSaa]
Meter=Image
ImageName=duara.png
W=(Round(200*#Ukubwa#))
H=(Round(200*#Ukubwa#))

[MaandishiYaSaa]
Meter=String
X=(Round(14*#Ukubwa#))R
FontSize=(Round(12*#Ukubwa#))

Mabano ya nje ni lazima, kwa sababu bila hayo Rainmeter haitambui kuwa hiyo ni hesabu. Herufi R baada ya mabano humaanisha kwamba nafasi inahesabiwa kutoka ukingo wa kulia wa kipengele kilichotangulia, na hubaki nje ya hesabu. Watu wengi hufika hapa, wakahifadhi, wakaburudisha wijeti, kisha wakashangaa kwamba imekua nusu nusu: duara limekua, lakini mkanda wake umebaki mwembamba kama uzi. Tarakimu zinazosahaulika ni zilezile kila mara, nazo ni unene wa mistari kama LineWidth na StrokeWidth, urefu wa LineStart na LineLength katika mishale ya saa, na nafasi za Padding. Zitafute moja moja; hakuna njia ya mkato. Kipengele cha picha kisichokuwa na W wala H huchorwa kwa ukubwa wa asili wa faili ya picha, kwa hiyo hakiwezi kukua hadi uvitaje vipimo hivyo.

Onyo moja dogo kuhusu jina linalopotosha: AutoScale katika Rainmeter haihusiani na ukubwa wa wijeti. Kazi yake ni kufupisha thamani, ili baiti milioni kadhaa zionekane kama megabaiti. Anayeiwasha akitarajia wijeti ikue atapata tu tarakimu fupi zaidi katika wijeti ileile ndogo.

Ukubwa unafaa, lakini kuna ukungu

Ukungu kwenye Windows una historia. Tangu Windows Vista, programu isiyojua ukuzaji hunyooshwa na mfumo kama picha. Windows 8.1 ya mwaka 2013 ilileta uwezo wa kila monita kuwa na kiwango chake, na kwa hiyo ikazaliwa aina mpya ya ukungu: programu inayojua kiwango kimoja tu, kile cha monita kuu wakati mtumiaji alipoingia, hunyooshwa inapohamishiwa monita yenye kiwango kingine. Ndiyo maana wijeti iliyo safi kwenye kompyuta mpakato hufifia mara inapoburutwa kwenda monita ya nje, na ikirudishwa husafika tena.

Jaribio la kwanza halina gharama. Ikiwa umebadilisha kiwango cha ukuzaji bila kutoka katika akaunti yako, toka kisha uingie tena. Programu zinazosoma kiwango mara moja tu wakati wa kuingia zimebaki na kiwango cha zamani, na Windows inaziba pengo kwa kunyoosha. Kuifunga na kuifungua wijeti pekee hakutoshi mara nyingi, kwa kuwa kiwango cha mfumo chenyewe hakijabadilika kwa kikao hicho.

Ukungu ukibaki baada ya kuingia upya, na safu ya DPI Awareness inasema programu haijui ukuzaji, rudi kwenye dirisha lile la Compatibility. Safari hii kuna machaguo mawili yenye maana. Application huiambia Windows isiguse chochote, na wijeti itakuwa safi lakini ndogo, yaani utakuwa umehamia tatizo la sehemu iliyotangulia, ambalo angalau lina suluhisho la kudumu. System (Enhanced), lililokuja na Windows 10 toleo la 1703 mwaka 2017, hujaribu kuchora upya maandishi yaliyoandikwa kwa njia ya zamani ya GDI badala ya kuyanyoosha. Kwa wijeti kongwe zenye maandishi matupu hufanya maajabu. Kwa wijeti zinazochorwa kwa njia mpya ya Direct2D, au zilizojaa picha, halisaidii, na picha zenyewe hubaki na ukungu kwa vyovyote.

Kuna pia ukungu wa picha peke yake, pale maandishi yanapokuwa safi lakini duara au aikoni imefifia. Hapo mfumo hauna hatia. Aikoni ya pikseli 64 ikitakiwa ijaze nafasi ya pikseli 96, kuna pikseli zinazobuniwa, na pikseli iliyobuniwa haina ukali. Dawa ni faili kubwa zaidi: tengeneza au tafuta picha yenye ukubwa maradufu wa ule unaouhitaji, kisha uiache ipunguzwe. Picha inayopunguzwa hupoteza kidogo sana ikilinganishwa na inayokuzwa. Duara, mstari na kisanduku visivyo na urembo mwingi vichorwe kwa umbo la vekta, yaani linaloelezwa kwa hesabu badala ya pikseli, ndani ya wijeti yenyewe, ambalo halina ukubwa wa asili wa kupoteza.

Mistari isiyolingana

Hii ni kasoro ndogo, lakini huwasumbua wenye macho makali. Wijeti ina mistari mitatu ya mlalo, yote imeandikwa unene wa pikseli 1, na kwa asilimia 125 mmoja unaonekana mnene kuliko wenzake, au mmoja ni mweusi na wawili wa kijivu. Pikseli 1 ikizidishwa kwa 1.25 hutoa pikseli 1 na robo, na robo ya pikseli haipo. Programu hulazimika ama kuupaka mstari rangi hafifu kwenye pikseli ya jirani, ama kuufikisha kwenye namba kamili, na uamuzi hutegemea mahali mstari ulipoangukia.

Ukiwa unaandika wijeti mwenyewe, chagua vipimo vinavyozidishika bila baki. Kwa asilimia 125 namba zinazogawanyika kwa 4 hubaki namba kamili: 8 huwa 10, 12 huwa 15, 40 huwa 50. Kwa asilimia 150 inatosha namba iwe shufwa. Pale ambapo namba haiwezi kubadilishwa, ndipo Round niliyoiweka katika mfano wa juu, inayoifikisha hesabu kwenye namba kamili, inapofanya kazi yake. Epuka vilevile viwango vya kubuni kama asilimia 137. Windows hukubali kiwango maalumu kati ya 100 na 500, lakini kiwango hicho hutumika kwa monita zote kwa pamoja na huhitaji utoke na kuingia tena, na hakuna mtengenezaji wa wijeti aliyewahi kuipima kazi yake kwa kiwango cha aina hiyo.

Maandishi yamekua, visanduku vimebaki

Dalili hii humaanisha kwamba maandishi na maumbo yanapimwa kwa vipimo viwili tofauti. Mfano ulio wazi kuliko yote ni Conky kwenye Linux. Ukiandika fonti kama DejaVu Sans Mono:size=12, hiyo 12 ni pointi, kipimo cha fonti, na pointi hubadilishwa kuwa pikseli kwa kufuata thamani ya Xft.dpi, yaani nukta kwa inchi zinazotumiwa kwa fonti. Vipimo vya gap_x, minimum_width, goto na voffset katika matoleo ya zamani ya Conky, pamoja na duara zinazochorwa kwa hati za lugha ya programu ya Lua, ni pikseli tupu. Mazingira ya eneokazi yakipandisha Xft.dpi kutoka 96 hadi 144, maandishi hukua mara moja na nusu na kumwagika nje ya duara ambazo hazikusikia habari hiyo. Hakikisha kwa amri hii:

xrdb -query | grep dpi

Ikirudisha 144, una chaguo mbili. Ukiandika pixelsize=16 badala ya size=12, maandishi yataacha kuifuata Xft.dpi na wijeti nzima itarudi kwenye ulinganifu wake wa mwanzo, ingawa ndogo. Ama uzidishe vipimo vingine vyote kwa 1.5, na katika hati ya Lua uweke kigeu kimoja cha ukubwa mwanzoni kama tulivyofanya kwa Rainmeter. Mimi hupendelea pixelsize na kigeu kwa pamoja, kwa sababu hapo ukubwa wote unatoka mahali pamoja na hauyumbi kila mazingira ya eneokazi yanapobadilisha mawazo yake.

Kwenye Windows dalili hiyohiyo inaweza kuletwa na kitelezi cha ukubwa wa maandishi kilicho katika mipangilio ya ufikivu, ambacho huenda hadi asilimia 225 na ni kitu tofauti na ukuzaji wa skrini. Wijeti chache hukisikiliza, na zinazokisikiliza hukuza maandishi pekee. Kwenye GNOME, mojawapo ya mazingira ya eneokazi ya Linux, mwenzake ni text-scaling-factor. Kabla ya kulaumu wijeti, rudisha vyote viwili kwenye thamani ya kawaida uone kama ulinganifu umerudi.

Kwenye KDE Plasma, mazingira mengine ya eneokazi ya Linux, mambo yamegeuzwa, na huwashangaza watu. Wijeti nyingi za Plasma hupima nafasi zake kwa kipimo kinachotokana na kimo cha fonti ya mfumo, kwa hiyo anayeongeza fonti kutoka 10 hadi 13 ili asome vizuri zaidi hukuta wijeti na paneli vimetanuka vyote. Hiyo si hitilafu. Rudisha fonti, kisha utumie kiwango cha ukuzaji ikiwa unataka kila kitu kikue kwa pamoja.

Mwishowe kwa dalili hii, kuna fonti iliyokosekana. Mtengenezaji alitumia fonti nyembamba ambayo haimo katika kompyuta yako, mfumo ukaibadilisha kwa nyingine iliyo pana, na maandishi yakakatwa. Ukiona umbo la herufi halifanani na picha ya mfano iliyokuja na wijeti, sakinisha fonti hiyo kwanza.

Monita mbili na wijeti zinazohama

Kwenye Windows, eneokazi lenye monita mbili ni karatasi moja kubwa ambayo sifuri yake iko kwenye kona ya juu kushoto ya monita kuu. Monita iliyo upande wa kushoto wa ile kuu huwa na namba hasi. Wijeti iliyohifadhiwa mahali penye 2900 kwa mlalo haina pa kukaa monita ya pili inapochomolewa, na ndiyo sababu huonekana imepotea ilhali bado inafanya kazi. Katika Rainmeter, mahali pa kila wijeti huandikwa katika faili ya Rainmeter.ini kwa majina WindowX na WindowY. Funga programu kwanza, weka 0 kwenye zote mbili, kisha uifungue tena, nayo itarudi kwenye kona. Kwa wijeti unayotaka ikae katikati siku zote, andika asilimia badala ya pikseli, kwa mfano WindowX=50%, ukiongeza AnchorX=50% ili katikati ya wijeti ndiyo ipimwe, si ukingo wake wa kushoto.

Kubadilisha kiwango cha ukuzaji kunaweza kuzihamisha wijeti hata kwenye monita moja. Skrini ya 3840 kwa 2160 kwa asilimia 150 huhesabiwa na programu nyingi kama 2560 kwa 1440, na kwa asilimia 200 kama 1920 kwa 1080. Plasma hukumbuka mpangilio wa wijeti kwa kila ukubwa wa skrini kivyake, kwa hiyo ukipandisha kiwango utakuta mpangilio mwingine, na ukikirudisha utaukuta ule wa awali umekungoja. Vilevile kuingia kwenye kompyuta kwa mbali kutoka kifaa chenye skrini ndogo huweza kuzisukuma wijeti zote upande mmoja. Weka nakala ya faili ya mpangilio kabla ya kuhangaika.

Zimekuzwa mara mbili, au hazikukuzwa kabisa, kwenye Wayland

Wayland ni mfumo mpya wa kuonyesha madirisha kwenye Linux; programu zilizoandikwa kwa ajili ya X11, ule wa zamani, hupitia daraja liitwalo XWayland. Katika mazingira kadhaa programu hizo huchorwa kwa kiwango cha 1 kisha zikanyooshwa, na hapo ukungu ni uleule wa Windows katika vazi jingine. Plasma ina mpangilio wa programu za zamani katika sehemu ya skrini, unaokuruhusu kuchagua kama mfumo ndio uzikuze au zijikuze zenyewe. Chagua zijikuze, kisha ukuze kwa Xft.dpi au kwa kigeu cha wijeti. Uungaji mkono mzuri zaidi wa viwango vya sehemu, yaani visivyo namba kamili kama 1.25, kwenye Wayland ulifika katika Plasma 5.27 mwaka 2023, kwa hiyo mwenye toleo la nyuma ya hapo asishangae kuona asilimia 125 ikimsumbua ilhali 200 ni safi.

Ukuzaji wa mara mbili, kwa upande wake, karibu kila mara huletwa na mabaki. Mtu alisoma mwongozo miaka iliyopita, akaandika QT_SCALE_FACTOR=1.5 au GDK_SCALE=2 katika faili ya kuingilia, akasahau. Leo mfumo wenyewe unakuza vizuri, na ile amri ya zamani inakuza juu yake. Angalia kwa amri:

env | grep -i scale

Ukiona kitu ambacho hukumbuki kukiweka, kiondoe, utoke, uingie tena, kisha upime tena picha ya skrini. GDK_SCALE hukubali namba kamili tu, kwa hiyo anayeandika 1.5 humo hapati alichokitarajia.

Kwenye macOS kuna machache ya kurekebisha. Übersicht hutumia HTML na CSS, lugha za kurasa za wavuti, na vipimo vyake ni vya kimantiki, si pikseli halisi za skrini, kwa hiyo wijeti hukua pamoja na skrini. Ukungu hafifu wa mistari ya pikseli moja hutokea kwenye monita ya nje ya 4K iliyowekwa ionekane kama 2560 kwa 1440: mfumo huchora picha ya 5120 kwa 2880, kisha huipunguza hadi 3840 kwa 2160, na mstari mwembamba hauwezi kuangukia pikseli kamili kila mara. Andika unene wa 2 badala ya 1 kwa mistari hiyo, au uiweke monita ionekane kama 1920 kwa 1080, ambapo hesabu hutoka sawa na hakuna kinachopunguzwa. Kumbuka tu, unapopima, kwamba picha ya skrini ya Mac yenye skrini ya Retina, yaani skrini ya Apple yenye pikseli nyingi, ina pikseli maradufu: upana wa 200 katika CSS utasomeka 400, na hapo hakuna hitilafu ya kutafuta.